Kusafisha Injekta: Kazi Tatu Chini ya Neno Moja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usafishaji na utunzaji wa injekta za petroli katika magari ya spoti ya miaka ya 1990, kwa kuzingatia mazingira ya Kimumu, Eldoret. Hoja kuu ni kwamba kitenzi "kusafisha", jinsi kinavyotumika katika gereji, kinabeba kazi tatu zinazotofautiana kwa gharama, kwa muda na kwa matokeo. Utata huo si wa kimsamiati tu, kwani unaweza kumgharimu mwenye gari injini nzima. Makala yanaeleza jinsi injekta inavyofanya kazi, mambo yanayoichafua, uchunguzi unaopaswa kutangulia na hatua za kila mojawapo ya kazi hizo tatu. Mwishoni panapendekezwa namna ya kuzitaja ili fundi na mteja wapate kuelewana.

Utangulizi

Kimumu ni kitongoji kilicho kando ya barabara iendayo Iten, kaskazini-mashariki mwa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024. Kama ilivyo katika vitongoji vingine vya Uasin Gishu, gereji za jua kali za huku hupokea magari ya kila aina: matatu, pikipiki, pikapu za wakulima na magari madogo ya familia. Mara moja moja huingia gari la aina nyingine kabisa. Huwa ni Subaru Impreza yenye turbo au Toyota Celica ya miaka ya tisini, gari lililotunzwa kwa mapenzi kuliko kwa hesabu za fedha. Gari la namna hiyo linapoletwa, mazungumzo huwa mafupi:

"Fundi, gari inamisi, na asubuhi inakataa kushika."

"Hizo ni nozo, mkubwa. Wacha nizisafishe, jioni utaenda nayo."

Katika kauli mbili hizi ugonjwa umetajwa, chanzo kimeamuliwa na tiba imeagizwa. Yaliyokosekana ni mambo mawili. La kwanza ni uchunguzi, kwa sababu injini inayomisi ina sababu nyingi na injekta ni mojawapo tu. La pili ni maana ya neno "kusafisha". Mteja anapolisikia neno hilo huenda akawazia injekta zikitolewa, zikioshwa na kurudishwa zikiwa kama mpya. Fundi naye huenda anawazia chupa ya dawa itakayomiminwa katika tangi. Wote wawili wametumia Kiswahili fasaha, lakini hawajaelewana.

Makala haya yana lengo la kuuondoa utata huo. Msomaji asiye na gari naye amezingatiwa, kwa kuwa suala la lugha linalojitokeza hapa ni pana kuliko gereji.

Usuli: Kutoka Kabureta hadi Injekta

Historia ya magari ya spoti nchini Kenya haiwezi kutenganishwa na mashindano ya Safari Rally yaliyoanza mwaka 1953. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971, na kushinda tena mwaka 1973, ilipata mafuta yake kupitia kabureta. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda akiendesha Peugeot 504 ya injekta, ambayo injekta zake zililishwa na pampu ya kimakanika. Mfumo wa injekta zinazoongozwa na umeme ulikuwa tayari umeanza kuuzwa Ulaya na Marekani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mfumo wake wa D-Jetronic mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen. Kufikia miaka ya tisini mfumo wa umeme ulikuwa umetawala. Mkenya Ian Duncan alishinda mwaka 1994 akiwa na Toyota Celica, kisha Subaru Impreza ikashinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns.

Vijana waliosimama kando ya barabara za vumbi wakiyatazama magari hayo ndio walioyanunua baadaye, magari yalipoanza kuletwa kwa wingi kutoka Japani baada ya kutumika huko. Ikumbukwe kwamba Kenya hairuhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa limezidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo, Impreza ya mwaka 1998 iliyoingia kwa utaratibu huo imekuwa katika barabara za Kenya kwa takriban miaka 20. Hilo si jambo dogo. Injekta zake zimepitisha mafuta ya vituo vingi, ya miaka mingi na ya viwango mbalimbali. Aidha, huenda hazijawahi kutolewa mahali pake tangu gari lilipotoka kiwandani.

Injekta na Kazi Yake

Injekta ni vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Ndani yake mna koili, sindano na springi. Kompyuta ya gari inaporuhusu umeme kupita, koili huwa sumaku na kuivuta sindano. Mafuta yaliyo nyuma yake, yaliyosukumwa na pampu kwa shinikizo la takriban baa 2.5 hadi 3, hupenya katika tundu dogo mno na kutoka kama ukungu. Umeme unapokatwa, springi huirudisha sindano na tundu likafungwa.

Kasi ya kazi hii inastahili kutafakariwa. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hukamilisha duru yake katika milisekunde 20 tu. Ndani ya muda huo injekta yapaswa kufunguka, kunyunyiza kiasi kilichokadiriwa na kufunga bila kuvuja. Gari likiwa limesimama huku injini ikizunguka polepole, mfunguko mmoja huwa wa milisekunde chache tu. Katika kipimo kidogo namna hiyo, ukoko mwembamba unaozunguka tundu hubadilisha mambo mawili kwa pamoja: kiasi cha mafuta kinachopita na umbo la ukungu wake. Badala ya ukungu hutoka mchirizi au matone. Matone hayachanganyiki vizuri na hewa, kwa hivyo hayaungui yote.

Injini nyingi zinazozungumziwa hapa zina silinda 4 na injekta 4. Mara nyingi hazichafuki kwa kiwango sawa, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Katika magari mengi ya miaka hiyo, kihisi cha oksijeni kilicho katika bomba la moshi husoma moshi wa silinda zote ukiwa umekwisha kuchanganyika. Kompyuta hupata wastani, haipati habari za kila silinda peke yake. Injekta moja ikipungukiwa, kompyuta huona upungufu katika jumla na kuziamuru injekta zote 4 ziongeze. Tokeo lake ni kwamba silinda 3 zilizokuwa sawa hupata mafuta kupita kiasi, ilhali ile moja bado imepungukiwa. Gari hunywa mafuta zaidi na kutoa moshi wenye harufu, na silinda iliyo gonjwa inabaki gonjwa.

Kwa gari lenye turbo, neno ambalo wakazi wa Uasin Gishu hulifahamu zaidi kama jina la mji ulio katika barabara ya kuelekea Webuye, hatari huongezeka. Turbo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingejivutia yenyewe. Hewa nyingi hudai mafuta mengi. Dereva anapokanyaga hadi mwisho, kompyuta nyingi za zamani huacha kumsikiliza kihisi cha oksijeni na kufuata hesabu iliyowekwa kiwandani, hesabu inayochukulia kwamba injekta zote ni nzima. Silinda yenye injekta iliyoziba hupata hewa nyingi na mafuta machache kwa wakati uleule ambao joto liko juu kabisa. Injini huanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Hivyo ndivyo ukoko usioonekana kwa macho unavyoweza kuizika injini.

Kinachoichafua Injekta

Chanzo cha kwanza ni joto. Injini inapozimwa, joto lake halizimiki papo hapo. Mafuta kidogo yaliyobaki kwenye ncha ya injekta huiva yakaacha utando. Safari fupifupi huongeza tatizo, kwa kuwa injini huwashwa na kuzimwa mara nyingi. Gari linalotoka Kimumu hadi katikati ya jiji na kurudi, mara kadhaa kwa siku, lina hatari hiyo kuliko linalosafiri moja kwa moja hadi Nakuru.

Chanzo cha pili ni mafuta yaliyokaa. Petroli huchacha. Gari la spoti ambalo mwenyewe hulitoa sikukuu tu huachwa na petroli ileile kwa miezi mingi, hadi sehemu nyepesi zikapaa na zilizobaki zikawa kama gundi. Wapo wamiliki wanaodhani kwamba kuliegesha gari ni kulihifadhi. Kwa injekta mambo huenda kinyume.

Chanzo cha tatu ni uchafu na uchakachuaji. Bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, lakini kati ya bohari na tangi la gari pana malori, matangi ya chini ya ardhi na vibuyu vya plastiki, na kila kimojawapo kinaweza kuingiza maji, kutu au mchanga. Uchakachuaji wa mafuta kwa kutumia mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, hayageuki mvuke kwa urahisi, huacha masizi na huifanya injini igonge. Kwa gari la turbo, hasara hizo zote huja kwa pamoja.

Chanzo cha nne ni chujio la mafuta lililosahauliwa. Chujio kubwa hubadilishwa likikumbukwa. Ndani ya kila injekta, hata hivyo, mna chujio jingine dogo kama ncha ya kalamu, ambalo halionekani mpaka injekta itolewe. Baada ya miaka 20 chujio hilo huwa limebeba kila kilicholipita lile kubwa.

Uchunguzi Kabla ya Kufungua

Haifai kuzilaumu injekta kabla ya kuvichunguza vitu vilivyo rahisi na vya bei nafuu. Plagi zilizochakaa, waya za plagi zinazovujisha umeme, chujio la hewa lililojaa vumbi la murram, bomba la hewa lililopasuka, pampu iliyochoka: kila kimojawapo huleta dalili zinazofanana na za injekta chafu.

Eldoret ina jambo lake la ziada. Jiji hili liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na turbo iliyonunuliwa Mombasa na kuletwa Kimumu itapoteza nguvu hata kama injekta zake zingekuwa mpya. Mwenye gari hulalamika kwamba gari limekuwa zito, na fundi mwenye haraka huelekeza kidole kwenye nozo. Upungufu unaotokana na kimo huwa laini na wa daima. Ule wa injekta aghalabu huambatana na mtikisiko, kukwama wakati wa kukanyaga au ugumu wa kuwaka.

Baada ya hayo, uchunguzi wa injekta zenyewe hufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza ni kusikiliza. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na sikio kwenye mpini. Injekta inayofanya kazi hutoa mlio wa kugotagota ulio sawa. Iliyo kimya ama haipati umeme au imekwama. Ifahamike kwamba mlio huthibitisha tu kuwa sindano inasogea. Hausemi chochote kuhusu kiasi cha mafuta kinachotoka.

Pili ni kuchomoa plagi ya umeme ya injekta moja baada ya nyingine, injini ikiwa inazunguka polepole. Silinda iliyo nzima ikinyimwa mafuta, injini hutetemeka na kupunguza mwendo. Ikichomolewa na pasiwe na mabadiliko, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu awali.

Tatu ni kupima ukinzani wa koili kwa mita. Injekta nyingi husoma kati ya omu 11 na 16. Baadhi ya magari ya turbo ya miaka hiyo yana injekta za omu 2 au 3 tu. Tofauti hiyo ina umuhimu mkubwa katika hatua zinazofuata.

Nne ni kupima shinikizo la mafuta kwa geji. Shinikizo likiwa chini, injekta safi hazitaliokoa gari; kasoro iko kwenye pampu, kwenye chujio au kwenye kidhibiti cha shinikizo.

Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka hiyo hayana tundu la kompyuta la mtindo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kuanzia mwaka 1996. Kosa husomwa kwa kuhesabu namna taa ya injini inavyopepesa. Fundi anayesema "kompyuta haisomi gari hii" huenda ana mashine isiyofaa, wala si gari bovu.

Kazi Tatu

Kazi ya kwanza ni kutia dawa. Dawa ya kuyeyusha ukoko humiminwa katika tangi pamoja na petroli, na gari huendeshwa kama kawaida hadi mafuta yaishe. Ndiyo kazi rahisi na ya bei ya chini. Inafaa kwa ukoko mwepesi na kama kinga. Haiwezi kuifungua injekta iliyoziba, haisafishi chujio la ndani, na haina kipimo chochote cha kuthibitisha kilichotendeka. Tangi likiwa na kutu, dawa inaweza hata kuung'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuusukuma mbele.

Kazi ya pili ni kuosha injekta zikiwa mahali pake. Pampu ya gari huzimwa kwa kuchomoa fyuzi yake, bomba la kurudisha mafuta huzibwa, na chupa yenye dawa kali huunganishwa na bomba la kugawia mafuta. Injini huwashwa na kuzungushwa kwa dawa hiyo peke yake hadi iishe. Kazi hii ni bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa dawa haikuchanganywa na lita nyingi za petroli, na ncha za injekta huoshwa zikiwa moto. Hata hivyo haipimi. Mwishoni fundi husikiliza injini na kusema imekuwa laini. Sikio la fundi ni chombo cha kuheshimiwa, lakini haliwezi kubainisha kama silinda ya tatu bado imepungukiwa kwa asilimia 10.

Kazi ya tatu ni kuzitoa, kuziosha na kuzipima. Injekta huingizwa katika beseni lenye dawa linalotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, huku zikifunguliwa na kufungwa kwa umeme ili dawa ipenye ndani. Kisha hufungwa juu ya mashine yenye mirija ya kioo iliyotiwa alama za mililita. Zote hunyunyiza kwa muda mmoja na kwa shinikizo moja, na kiasi cha kila moja husomwa. Umbo la ukungu huonekana kwa macho. Hatimaye shinikizo huachwa injekta zikiwa zimefungwa ili kuona kama kuna inayodondosha.

Mfano wa hesabu utasaidia. Iwapo mirija 4 inasoma mililita 60, 60, 59 na 51, wastani ni 57.5. Injekta ya nne iko chini ya wastani kwa asilimia 11 hivi. Mtu anayeendesha gari hilo kwa utulivu atasikia mtikisiko mdogo tu na atauzoea. Siku atakapokanyaga hadi mwisho katika barabara ya Iten, silinda ya nne ndiyo itakayolipa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Baada ya kuoshwa, mirija ikisoma 60, 60, 60 na 59, kazi imefanyika na ushahidi upo. Isiposogea kutoka 51, injekta hiyo imechakaa na yafaa ibadilishwe.

Si kila gereji ya Kimumu inayoweza kumiliki mashine ya namna hiyo, wala si aibu. Injekta 4 hutosha kiganjani. Fundi anaweza kuzitoa kwake, zikapelekwa kwa mwenye mashine, zikarudi na vipimo vyake, gari likiwa halijasogea.

Tahadhari katika Kuzitoa na Kuzirudisha

Petroli yenye shinikizo ni hatari. Fyuzi ya pampu huchomolewa na injini huachwa izunguke hadi izime yenyewe, ili shinikizo lishuke. Ncha hasi ya betri huondolewa. Kazi hufanyika kwenye hewa ya wazi, mbali na mashine ya kuchomelea, jiko la chai na sigara. Katika gereji ambako kazi tano hufanywa ndani ya ua mmoja, sharti hili ndilo linalovunjwa kwa wepesi zaidi.

Sehemu inayozunguka injekta hupulizwa na kupanguswa kabla ya kufunguliwa, ili mchanga usidondokee ndani ya injini. Kila injekta hutiwa alama ya silinda yake. Bila alama, vipimo vya mashine havitamwambia fundi ni silinda ipi ya kuchunguzwa plagi na pistoni.

Oringi za zamani hazirudishwi. Mpira uliokaa kwenye joto kwa miaka 20 huwa mgumu na hupasuka unapokandamizwa mara ya pili. Mpya hupakwa mafuta safi ya injini kidogo ili ziteleze bila kukatika. Kabla ya kuwasha, ufunguo huzungushwa hadi pampu ilie, huzimwa, na hurudiwa mara mbili au tatu huku fundi akikagua kila kiungo kwa macho na kwa pua. Harufu ya petroli hapo ni sababu tosha ya kufungua upya.

Yapo makosa mawili ambayo hayana msamaha. La kwanza ni kuchokoa tundu la injekta kwa waya. Tundu hilo lilichongwa kwa usahihi mkubwa na likikwaruzwa halirudi. La pili ni kuiunganisha injekta moja kwa moja na betri ya volti 12 huku ikipulizwa dawa ya kabureta. Njia hii hutumiwa pasipo na mashine, lakini injekta ya omu 2 huweza kuungua koili katika muda mfupi, na cheche ya waya karibu na dawa inayowaka kwa urahisi yaweza kuwa moto.

Msomaji azingatie pia kwamba maelezo haya yanahusu injekta za petroli zinazonyunyiza katika njia ya hewa nje ya silinda. Injini za dizeli, na zile za petroli zinazonyunyiza ndani ya silinda, zina shinikizo kubwa mno linaloweza kupasua ngozi. Hizo ziachiwe wenye mafunzo na zana zake.

Utunzaji

Injekta iliyopimwa ikawa nzima haihitaji kufunguliwa kila mwaka. Inahitaji mafuta safi. Chujio la mafuta libadilishwe kwa ratiba ya mtengenezaji, na mapema zaidi katika gari lenye tangi kuukuu. Tangi lisiachwe liishe hadi taa iwake, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe, na mashapo ya chini huvutwa yakibaki peke yake. Petroli inunuliwe katika kituo chenye wateja wengi, wala si kwenye kibuyu cha kando ya barabara. Gari lisiloendeshwa mara kwa mara litolewe angalau mara moja kwa wiki kadhaa na liendeshwe hadi injini ipate moto kamili. Dawa ya tangi hutumika mara chache kama kinga, bila kudhaniwa kuwa ni tiba ya kila ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika gari la turbo ukuta huo ni injini mpya.

Suala la Lugha

Wanafunzi wa Kiswahili wanapozungumzia istilahi za kiufundi, juhudi nyingi huelekezwa kwenye nomino. Huulizwa kama kifaa hiki kiitwe injekta, nozo au kinyunyizi. Mjadala huo una nafasi yake, lakini gereji imekwisha kuutatua kwa utohozi: plagi, oringi, fyuzi, chujio, nozo. Fundi na mteja wakisema "nozo", wote wawili hukielekezea kidole kitu kimoja. Hakuna aliyepoteza fedha kwa sababu ya nomino hiyo.

Hasara inatokana na kitenzi. "Kusafisha" ni neno la kila siku, halina sura ya istilahi, na kwa hivyo hakuna anayelitilia shaka. Mteja hupiga bei ya kusafisha. Fundi akishushwa sana hufanya kazi ya bei ya chini kabisa kati ya zile tatu, naye hakudanganya, kwani injekta zimesafishwa kwa kadiri fulani. Gari likirudi na kasoro ileile, mteja husema ametapeliwa na fundi husema mteja ni bahili. Ugomvi unaoonekana kuwa wa uaminifu kumbe ulianza katika semantiki.

Tiba yake haihitaji maneno mapya. Kiswahili tayari kina vitenzi vinavyotosha, iwapo kila kimoja kitapewa kazi yake: kutia dawa, kuosha mahali pake, na kutoa na kupima. Mteja anayeuliza "Fundi, unatia dawa, unaosha mahali pake, au unatoa na kupima?" amekwisha kujilinda bila kumvunjia fundi heshima. Fundi anayejibu kwa maneno hayo amekwisha kuieleza bei yake bila ugomvi. Nayo risiti ikiandikwa "Injekta 4 zimetolewa na kupimwa. Kabla: 60, 60, 59, 51. Baada: 60, 60, 60, 59", hapatakuwa na haja ya yeyote kuapa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba injekta chafu ni tatizo la vipimo vidogo lenye matokeo makubwa, hasa katika gari la turbo, ambamo wastani unaosomwa na kompyuta huificha silinda iliyo gonjwa. Uchunguzi ndio unaotangulia, na pale injini inaponyimwa mafuta katika silinda moja, kazi inayoweza kuthibitishwa ni ile ya kutoa na kupima. Aidha, imebainika kwamba istilahi ya kiufundi si majina ya vifaa pekee. Vitenzi vya kazi navyo vinastahili kupewa mipaka, la sivyo watu wawili wanaozungumza lugha moja watakubaliana asubuhi na kugombana jioni. Kwa wanafunzi wa Kiswahili walio Eldoret, gereji za Kimumu ziko mwendo mfupi tu, na vitenzi vingine vya huko bado vinangoja kuulizwa maana yake.